Jinsi tulivyotambua kifafa cha kuzubaa kwa binti yangu

Binti yangu alipokuwa darasa la pili, mwalimu wake alilalamika kwamba anazubaa mno. Nyumbani nami nilikuwa nikimwona akikatiza maneno katikati, macho yameganda, kope zikipepesa kidogo, kisha anaendelea na hadithi yake kana kwamba hapakuwa na kituo. Kwa kuwa hakuanguka wala kutoka povu, hakuna ndugu aliyetaja kifafa. Bibi yake alisema ni mawazo ya kitoto tu.

Nilianza kumrekodi kwa simu. Kila alipoganda nilimwita jina, nikamgusa bega, nikahesabu sekunde na kuangalia alivyokuwa mara tu alipozinduka. Video hizo zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu mashambulio ya kifafa huainishwa kwanza kwa mahali yanapoanzia: sehemu moja ya ubongo, au pande zote mbili kwa pamoja, na mengine mwanzo wake haujulikani. Shambulio la sehemu moja nalo laweza kumfanya mtoto akodoe macho, lakini kwa kawaida huzidi nusu dakika, huenda akatafunatafuna au kupapasa nguo, na likiisha hubaki amechanganyikiwa au ana usingizi. La binti yangu halikufika sekunde ishirini, na akili ilirudi papo hapo.

Daktari akampa kipande cha karatasi, akamwambia akipulize kwa pumzi nzito mfululizo kwa dakika tatu. Muda haujaisha, karatasi ikatulia: pumzi hizo zilikuwa zimechochea shambulio, naye ameganda. Daktari akamtamkia neno “embe”. Alipozinduka na kuulizwa ameambiwa nini, hakujua. Baadaye kipimo cha umeme wa ubongo kilionyesha mawimbi yenye ncha, takriban matatu kwa sekunde, pande zote mbili.

Ubainishaji huo haukuwa wa kwenye makaratasi tu. Kabamazepini, dawa nzuri kwa mashambulio ya sehemu moja, yaweza kuyazidisha haya ya kuzubaa. Ndiyo maana binti yangu aliandikiwa valproeti, kwani ethosuksimaidi, dawa inayopendekezwa kwanza kwa kifafa hiki, haikupatikana. Daktari alitutahadharisha mapema kuwa valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo kabla binti hajavunja ungo tutarudi kuzungumzia kuibadilisha.