Njiti ya kibiriti iliyonichagulia brashi ya kunyolea

Huu ni mwaka wa nne sijatoka damu kisogoni, na kwa jinsi nilivyoteseka, kwangu hilo si jambo dogo. Nywele zangu ni za kipilipili, ngumu, na kipara nimekiweka tangu nina miaka 27. Kila nikitoka kwa kinyozi, siku ya pili shingo nzima vipele. Nywele ikishakatwa inajikunja, inarudi ndani ya ngozi, panavimba, panawasha, na usiku najikuna hadi foronya ya mto inapata madoa. Daktari aliniambia mambo matatu: niloweshe nywele vya kutosha, ninyoe kufuata zinakolalia, na nisipitishe wembe mara mbilimbili palepale. Hakuniandikia hata dawa.

Kulowesha ndiko kulikonishinda. Povu nililopaka kwa mkono lilikaa juu ya nywele kama mawingu, chini kwenye shina kukabaki kukavu. Mashavuni unaona unachofanya, lakini kisogoni unapapasa tu. Brashi ndiyo inayosukuma maji na sabuni hadi kwenye ngozi na kuinyanyua nywele iliyolala ili wembe uipate. Hilo nililielewa mapema. Tatizo likawa kuipata hiyo brashi, maana kila niliyemuuliza alinijibu sentensi moja: nunua baja, tena ya bei kubwa.

Baja ni mnyama wa Ulaya na Asia, jamaa wa nyegere wetu, na manyoya yake yamesifika kwa brashi za kunyolea kwa miaka mingi. Basi nikaenda Kariakoo. Muuzaji akaniletea brashi yenye mpini mweusi unaong'aa, manyoya yana mstari mweusi katikati na ncha nyeupe. "Hii baja orijino, bosi wangu, huipati popote." Alianzia elfu 45, tukashuka hadi thelathini na kitu, nikarudi nyumbani nimefurahi kweli.

Asubuhi ya kwanza nilipoilowesha, bafu zima lilinuka zizi la mbuzi walionyeshewa. Nikasema itaisha. Wiki ya pili bado inanuka, na kila ninaponyoa natoa manyoya matano au sita kwenye povu na mengine yamenigandia kichwani. Nikamuuliza mfanyakazi mwenzangu ambaye kwenye mambo ya usafi hupenda kutoa hukumu. Akaniambia bila kusita: "Ichemshe. Brashi mpya zote huchemshwa, harufu inatoka na manyoya yanakaza."

Nikaichemsha. Niliteleka maji kwenye sufuria ndogo, nikatia sabuni ya kufulia kidogo, nikaitumbukiza kichwa chini. Baada ya dakika chache harufu ilijaa jikoni, ikavuka ukumbini, na mke wangu akaja akiwa ameziba pua kwa ncha ya khanga. "Baba watoto, unapika nini?" Nikamwambia nasubiri ikaze. Nilipoishika mpini kuitoa, mpini ukaja peke yake. Kichwa kilibaki ndani ya sufuria kikielea, mafundo ya gundi yamelainika kama ubani kwenye chetezo. Elfu thelathini na kitu yangu ikamwagwa na maji machafu. Na yule mwenzangu, nilipomweleza, ndipo akasema yeye hajawahi kumiliki brashi, alisikia tu. Mpaka leo hilo linanikera. Maji ya moto ya kuvumilika mkononi yanatosha, yanayochemka huua gundi na huua manyoya.

Lakini ule msiba wa sufuria ndio ulionifungua macho, kwa sababu sasa nilikuwa na manyoya yenyewe mkononi, nayaona kuanzia mzizini. Huko chini ambako gundi iliyafunika hayakuwa na ule mstari mweusi. Yalikuwa ya manjano mpauko, manene, magumu. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikafuta unywele mmoja, pamba ikatoka na weusi. Ule mstari ulikuwa umepakwa rangi.

Hapo nikamkumbuka mama. Mama yangu ni fundi cherehani, na tangu tukiwa wadogo Tanga hakuna muuzaji wa kitambaa aliyemwongopea akapona. Akiambiwa hiki hariri, huchomoa uzi mmoja pembeni, anauwasha kwa kibiriti, anaunusa. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Nailoni haiachi majivu, inayeyuka, inajikusanya ikawa kidonge kigumu. Nikawasha njiti, nikausogeza unywele wa ile brashi. Ukajikunja, ukanuka vilevile kama nywele za binadamu, ukasagika kati ya vidole. Mnyama, sawa, lakini mnyama gani?

Nikapiga picha ya ncha kwa simu na kuikuza. Manyoya ya baja ni membamba mzizini, yananenepa kuelekea katikati, kisha yanachongoka nchani. Haya yangu yalikuwa na unene uleule kutoka chini hadi juu, na ncha zimechanika mbilimbili, tatutatu, kama ufagio wa chelewa uliochakaa. Hizo ni dalili za manyoya ya nguruwe. Wiki zote zile nilikuwa nikijipaka manyoya ya nguruwe kichwani na usoni, kisha naenda kutawadha na kuswali.

Nilikwenda kwa maalim wangu siku hiyohiyo. Alinielekeza kwamba kwetu Shafii manyoya ya nguruwe ni najisi hata yakisafishwa vipi, na hata huyo baja, kwa kuwa hachinjwi, nimwache nisiingie kwenye shaka. Alinieleza namna ya kujitwaharisha, akanipa moyo kwa yale niliyoyafanya bila kujua. Nasema haya kwa sababu naona vijana wengi wa kwetu wananunua brashi hizi bila kuuliza. Asiyefungwa na dini hii hana tatizo na ya nguruwe, ni brashi ya bei nafuu, hushika sabuni vizuri, ila ailoweshe kwanza dakika kadhaa na aistahimili wiki za mwanzo, maana hulainika kadiri ncha zinavyochanika.

Kwangu basi ikawa ni nyuzi za kiwandani tu. Hapo washauri wakarudi na wimbo mpya: za plastiki ni takataka, hazitoi povu. Shemeji yangu akaniambia niachane na mpya kabisa, nitafute brashi kuukuu ya Kiingereza kwenye mitumba. Nilikataa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea zenye singa za farasi ambazo hazikusafishwa inavyotakiwa, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kutoka Japani. Aliyekulia kwa wafugaji anajua mbegu za kimeta hukaa ardhini miaka na miaka. Huenda hatari hiyo sasa haipo, lakini kitu kinachopita juu ya ngozi iliyokwanguliwa na wembe sikitaki bila kujua kimetoka wapi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kariakoo na kibiriti mfukoni. Kila duka nililoingia niliomba brashi, naipitisha vidole, naomba ruhusa ya kuuwasha ule unywele uliong'oka wenyewe. Duka la kwanza walinifukuza. La pili kijana akasema, "Mzee, unataka kuniunguzia duka?" Nikamwambia atoke nao barazani auwashe yeye. Akauwasha. Alikuwa akiuza hizo brashi kwa jina la baja wa kizazi kipya asiyenyonyoka, na mbele ya macho yake unywele ukayeyuka ukawa kidonge cheusi. Alishangaa kuliko mimi. Akamwita jirani yake wa vipodozi, naye akaja na brashi zake, tukasimama pale tukiwasha unywele mmojammoja hadi njiti zikakaribia kwisha: huu nguruwe, huu nailoni, huu mbuzi labda. Sijawahi kuona wauzaji wakijifunza bidhaa zao kwa furaha kiasi kile. Yule kijana alikataa kunitoza bei ya baja. Akanipa ya nailoni kwa elfu 10.

Haikuwa nzuri. Nyuzi zake zilikatwa butu nchani, zikawa zinachoma kama jani la nanasi, na hazikushika maji. Sabuni iliteremka hadi kiwikoni. Ila nilijifunza tofauti ambayo wale wa "plastiki ni takataka" hawakuijua: kwenye nyuzi nzuri za kiwandani ncha huchongwa ikawa nyembamba kama ya unywele wa asili. Ndipo ulaini unapotoka.

Nikaanza kutafuta nikijua ninachotafuta. Kipenyo cha kichwa kwenye mdomo wa mpini, milimita 23 hivi, kwa sababu kipara ni eneo kubwa na ya 19 ingenichosha kwa kuirudisha kwenye sabuni. Urefu wa nyuzi uwe wa wastani, kiasi cha sentimita 5 au zaidi kidogo. Zikirefuka sana zinalala tu juu ya ngozi, na nywele ngumu zinataka brashi yenye msukumo. Majina ya madaraja ya ubora kwenye maboksi niliyaacha, kwani hata kwenye baja wenyewe kila mtengenezaji hupanga madaraja yake.

Bahati yangu, binamu yangu alikuwa anasoma Leipzig, Ujerumani, na si mbali sana na hapo, kwenye mji mdogo wa Stützengrün, ndiko wanakotengeneza brashi za Mühle tangu mwaka 1945. Nilimwomba aingie duka lolote linalouza ile yao ya nyuzi za kiwandani na anifanyie kazi mbili kabla ya kulipa: aikandamize nyuma ya kiganja chake na kuizungusha, isimchome hata kidogo, kisha aiachie, nyuzi zisimame zenyewe. Akanipigia simu ya video kutoka dukani, akaizungusha mbele ya kamera. "Kaka, laini kama paka," akasema. Ilikuwa yuro hamsini na kitu. Kwa hesabu ya siku ile ni kama laki moja na nusu, na kahawa ya Kilimanjaro niliyomtumia kwa shukrani siihesabu.

Ilipofika sikuichemsha. Niliichovya maji ya vuguvugu, nikaikung'uta mara mbili, nikaizungusha kwenye sabuni, nikaanza kisogoni nikienda duaraduara, napanda juu halafu nashuka. Nyuzi hizi hazihitaji kuloweka, na mwanzoni nilitia maji mengi mno. Siku ya tatu povu likawa zito, linalong'aa kama mtindi. Nililiacha dakika mbili, kisha nikashusha wembe mara moja tu. Jumatatu, Jumanne, hadi Jumatano nilikuwa napapasa shingo natafuta kipele.

Naisuuza hadi maji yatoke safi, naikamua kwa kiganja, naisimamisha dirishani penye upepo. Kwa joto la Dar es Salaam, hadi adhuhuri imeshakauka. Haijanyonyoka hata uzi mmoja. Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea, akaiona pale dirishani, akaichukua, akaigeuzageuza, akachungulia ncha zake kwenye mwanga kama anavyochungulia kitambaa. Kisha akaniuliza kibiriti kiko wapi.