Nilivyoshindwa mara mbili, kisha nikamaliza vipindi 110 vya Legend of the Galactic Heroes

Mara ya kwanza nilisinzia kipindi cha pili. Mara ya pili nilijikaza kisabuni hadi cha tano, nikaona kila mtu ana cheo kirefu na jina la Kijerumani, nikafunga kompyuta. Rafiki aliyenipendekezea alikuwa ameapa kwamba hakuna anime ya vita vya anga inayoifikia, na kwa mambo ya katuni hajawahi kunidanganya. Lakini nilichokikuta ni manowari zilizopangwa safu kwa safu, hazipinduki wala hazikimbizani, zinarushiana mistari ya mwanga huku okestra ikipiga. Halafu wanaume wanakaa mezani wanazungumza. Wakimaliza, wanahamia chumba kingine, wanazungumza tena.

Ukubwa wake nao ulinitisha. Ginga Eiyū Densetsu, kama wenyewe Wajapani wanavyoiita, ina vipindi 110 vya karibu dakika 25 kila kimoja. Ilitoka kwenye kanda za video kuanzia 1988 hadi 1997, ikifuata riwaya 10 za Yoshiki Tanaka. Hadithi yenyewe ni ya pande mbili zilizopigana mwaka nenda mwaka rudi kwa karne moja na nusu: huku kuna Milki yenye Kaizari na makabaila, kule kuna Muungano wa Sayari Huru wenye bunge, uchaguzi na wanasiasa waongo. Upande wa Milki anapanda kijana Reinhard von Lohengramm, anayetaka kuupindua ukoo wa kifalme uliomchukua dada yake na kumfanya suria wa Kaizari. Upande wa pili yuko Yang Wen-li, mtu aliyetaka kusoma historia, akakosa karo, akaingia chuo cha kijeshi kwa sababu kule historia ilifundishwa bure.

Jaribio la tatu nilifanya dhambi: niliviruka vipindi viwili vya kwanza, nikaanzia cha tatu. Vile viwili ni vita vitupu vya Astarte, na nilikuwa nimeshavisinzia.

Kipindi cha tatu kina hafla ya kuwakumbuka waliokufa Astarte. Waziri wa ulinzi, Job Trünicht, anahutubia kwa sauti ya kutetemeka kidogo pale inapofaa kutetemeka. Ukumbi mzima unasimama kumshangilia. Yang amekaa. Jirani yake anamkaripia, kwa nini husimami? Naye anamjibu kwamba hii ni nchi huru, na yeye anautumia uhuru wake wa kutosimama. Kisha katikati ya makofi anatokea mwanamke, Jessica Edwards, aliyefiwa na mchumba wake kwenye vita hivyo. Anatembea taratibu hadi mbele, anamuuliza waziri: mchumba wangu amekufa akiilinda nchi, wewe je, uko wapi? Familia yako iko wapi? Trünicht anaamuru mama huyo aondolewe, na wimbo wa taifa upigwe.

Nilirudisha nyuma nikaitazama tena. Hakuna risasi hata moja mle ndani, lakini moyo ulinidunda kuliko kwenye vita vyote nilivyokuwa nimevitazama. Hapo nikang'amua kosa langu. Nilikuwa nasubiri manowari, na kumbe manowari ni matokeo tu. Uamuzi unafanyika kwenye meza, ukumbini, kwenye sherehe ambako kabaila mmoja kamdharau mwenzake, na malipo yake yanaonekana vipindi vitatu baadaye huko angani. Kuanzia usiku ule nikawa naisikiliza zaidi kuliko kuitazama.

Kuna msimulizi, na msimulizi huyo ni kama mwanahistoria anayeandika baada ya wote kuoza. Anakuambia waziwazi kwamba fulani hataiona siku ya fulani. Mara ya kwanza niliudhika, nikaona ananiharibia. Baadaye nikakumbuka kwamba ndivyo tenzi zinavyofanya kazi: unajua tangu mwanzo nani atakufa, unakaa kusikia alikufaje na nani alilia. (Wewe usiyeitazama bado na hutaki kuambiwa, ishia hapa, maana mimi nitayasema.)

Tatizo la majina nililitatua kwa daftari. Katuni yenyewe inasaidia, inaandika jina na cheo chini ya kioo mtu anapotokea, lakini maandishi hayo yanapita haraka na mimi nilikuwa tayari nasoma tafsiri ya mazungumzo. Kwa hiyo niligawa ukurasa mara mbili, Milki kushoto, Muungano kulia, na kila mtu nikampa alama moja. Reuenthal: jicho moja jeusi, moja la buluu. Bittenfeld: manowari nyeusi, haelewi neno "subiri". Oberstein: macho ya bandia, hacheki. Yang: chai yenye brandi, anakaa juu ya meza ya uongozaji badala ya kiti. Wenzake wanamwita kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Mchawi", lakini kwetu mchawi anaroga watoto wa watu, kwa hiyo kwenye daftari langu akawa Yang wa Mazingaombwe. Lilimkaa vizuri alipoiteka ngome ya Iserlohn, iliyokuwa imeshinda kila jeshi la Muungano lililoijaribu, kwa kuingiza askari wachache waliovaa sare za adui. Upande wake hakufa hata mmoja.

Baada ya majina, ramani. Hii ndiyo iliyonifungua zaidi, na ilinichukua dakika moja kuichora. Kati ya pande mbili kuna eneo la anga lisilopitika, na njia za kulivuka ni mbili tu. Moja imezibwa na ngome ya Iserlohn. Nyingine inapita Phezzan, sayari ya wafanyabiashara inayojiita haina upande, inayowauzia wote na kuwadai wote. Chora hivyo viduara vinne na njia mbili, ubandike karibu na kioo. Nilipofika mahali ambapo Reinhard anaacha kugombania mlango uliofungwa na kupita kwenye duka la watu, nilikuwa nimeshauona mlango ule wazi kwenye karatasi yangu kwa wiki nzima, na bado nilishtuka pamoja na wenye duka.

Nilijiwekea vipindi viwili kwa usiku, si zaidi. Ukivimeza saba kwa mkupuo, mazungumzo yanageuka kelele. Kipindi cha 40 karibu kinivunje, maana ni somo la historia mwanzo mwisho: kijana Julian, anayelelewa na Yang, yuko safarini na tunaonyeshwa jinsi binadamu walivyofika huko angani, jinsi Rudolf alivyochaguliwa kihalali kisha akajifanya Kaizari, jinsi watumwa walivyotoroka na chombo kilichochongwa kwenye barafu kavu. Wengi wanakiruka. Mimi nilikitazama na chai mkononi, na sijutii. Muziki sina mengi ya kusema, ila kwamba Mahler, Bruckner na Shostakovich nimewajua kwa njia hii, na sasa nikiwasikia popote naona safu za manowari.

Mahali nilipokamatika kabisa ni Westerland. Kabaila mmoja anataka kuiadhibu sayari yake kwa bomu la nyuklia, watu milioni mbili. Reinhard anapata habari mapema. Oberstein anamshauri aache litokee, apige picha, aisambaze, na makabaila watakosa uungaji mkono. Vita vitakwisha haraka, na jumla ya watakaokufa itapungua. Sayari inaungua. Rafiki yake wa utotoni, Kircheis, anakuja kumuuliza kama ni kweli, na Reinhard, kwa aibu, anajibu kwa ukali. Halafu anamnyang'anya upendeleo mdogo tu: ruhusa ya kubeba silaha mbele yake. Kipindi cha 26, anatokea muuaji, na mtu pekee ambaye angemwahi kwa risasi moja hana bastola kiunoni. Kircheis anamkinga Reinhard kwa mwili wake, anakufa. Nilikaa kimya mbele ya kioo hadi jina la mwisho la watayarishaji lilipopita. Ni ugomvi wa dakika chache, wa marafiki wawili ambao wangepatana kesho yake.

Na kuna Vermillion, mwishoni mwa msimu wa pili. Yang ameshinda. Manowari ya Reinhard iko mbele ya mizinga yake, neno moja limebaki. Wakati huohuo majenerali wa Reinhard wameufikia mji mkuu wa Muungano, na serikali ile ile ya Trünicht, inayomchukia Yang, inamtumia amri asitishe mapigano. Schenkopp, ofisa wake, anamwambia waziwazi aipuuze. Yang anatii. Nilimtukana kwa sauti. Nilizunguka chumbani nikimtetea Schenkopp kama wakili. Siku mbili zilipita ndipo nikamwelewa, na hata sasa sina hakika kama nakubaliana naye: mwanajeshi akianza kuchagua amri za kiraia za kutii, anachokilinda kimeshakufa. Baadaye Reinhard na Yang wanakutana ana kwa ana, wanazungumza kwa adabu, na Yang anakataa cheo anachopewa. Ni mazungumzo tu, chumbani. Mimi wa mara ya kwanza ningesinzia.

Kipindi cha 82 jina lake linasema kwamba mwanamazingaombwe harudi. Nililisoma, nikajua, nikakaa wiki mbili bila kukifungua. Yang hafi vitani. Anapigwa mguuni akiwa njiani kwenda kwenye mazungumzo ya amani, na anavuja damu peke yake kwenye korido, akiwaomba radhi wenzake. Baada ya hapo vimebaki vipindi 28, na sitadanganya, vichache vya kwanza nilivitazama kama mtu anayemalizia sahani aliyolipia. Vilinirudisha polepole, kupitia Julian, ambaye hajui aishikeje nafasi ya baba yake mlezi.

Usiku niliomaliza cha 110 nilirudi kulipa deni la kipindi cha kwanza na cha pili. Manowari zilikuwa zilezile, safu zilezile. Ila safari hii nilimwona kijana mmoja kwenye meli ya kikosi cha sita, anamshauri kamanda wake kwamba adui atawajia kutoka nyuma. Kamanda anamfokea. Ni Jean Robert Lappe, mchumba wa Jessica, yule ambaye kifo chake kilimpeleka mbele ya Trünicht. Mara mbili nilikuwa nimempita bila kumwona. Nilifungua daftari, upande wa kulia ulikuwa umejaa, nikaliandika jina lake pembeni kwa herufi ndogo.