Kuumia kazini California bila makaratasi

Jamaa mmoja tunayefahamiana huku kabanwa vidole viwili na mashine ya kufungia maboksi, supavaiza akamzungushia kitambaa akamwambia akifika hospitali aseme kaumia nyumbani, eti kwa vile hana makaratasi (vibali vya kuishi na kufanya kazi) hana haki ya kulipwa. Uongo mtupu, tena wa makusudi!

Sheria ya kazi ya California kifungu cha 3351 inamhesabu kama mfanyakazi hata mgeni aliyeajiriwa kinyume cha sheria, na mwaka 2005 kampuni ya kahawa ya Farmer Brothers ilipeleka hoja hiyohiyo mahakama ya rufaa ikagonga mwamba. (Jimbo la Wyoming ni habari nyingine, kule wanawabana wasio na makaratasi.)

Sasa ukiumia mwambie bosi kwa maandishi ndani ya siku 30, tuma hata meseji ili ubaki na ushahidi, naye anatakiwa akupe DWC-1, yaani fomu ya kudai malipo ya kuumia kazini, ndani ya siku moja ya kazi, ijaze, ipige picha, ndo umrudishie. Hapo bima ya mwajiri inatakiwa kulipia matibabu hadi dola 10,000 huku bado wanachunguza madai yako, na kama daktari kasema huwezi kazi kwa muda unalipwa kama theluthi mbili ya mshahara.

Najua wengi mnafanya kazi kwa jina la mtu mwingine na hapo ndo woga unapoanzia, basi msijaze kitu kabla ya kuongea na wakili wa kesi za kuumia kazini, hela yake inakatwa kwenye malipo mwishoni na jaji ndo anaidhinisha kiasi, hautoi kitu mfukoni.