Nilivyolirekebisha bomba kabla ya kuongeza dawa

Nalima nyanya Ilula, mkoani Iringa, na huku kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, hamwachi mtu alale. Wengi wakiona mdudu hafi, wanaongeza dawa. Mimi nilianza na bomba.

Ni bomba la mgongoni, la lita 20. Nililitia maji matupu, nikapulizia sakafu kavu. Upande mmoja palilowa, upande wa pili pakavu, na nikichelewa kusukuma mpini yanabaki matone ya kudondoka tu. Kufungua pampu, washa ya ndani (kile kipete kinachobana presha) imekauka na kusinyaa. Nikaweka mpya, nikaipaka grisi kidogo. Nozeli, ile ncha inayotoa dawa, niliisugua kwa mswaki wa zamani. Waya haufai, unapanua tundu. Na kuizibua kwa kuipuliza na mdomo ni kunywa sumu kwa hiari.

Kilichobaki ni mkono: kusukuma kwa mapigo yaleyale, mwendo uleule. Presha ikizidi, dawa inakuwa ukungu, upepo unaibeba hadi kwa jirani au usoni kwako. Ikipungua, matone yanakuwa mazito, yanateleza chini, na kantangaze anaendelea kujichimbia ndani ya jani.

Kisha nikapima mita 10 kwa 10, nikapulizia maji. Zilikwenda lita 5. Ekari ina vipande kama hivyo takriban 40, kwa hiyo ni lita 200, yaani mabomba 10. Nikachukua kipimo cha ekari kwenye kibandiko cha dawa, nikakigawa kwa 10. Kifuniko cha chupa si kipimo jamani.

Napulizia asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Ovaroli, glavu za mpira, miwani, barakoa ya dawa (ile ya korona haizuii kitu). Suruali inakaa nje ya buti, la sivyo dawa inatiririka hadi kwenye soksi. Chupa ikiisha naisuuza mara tatu, maji yake yanaingia kwenye bomba, kisha naitoboa asije mtu akaitia mafuta ya kula.

Bomba la dawa ya magugu nimelitenga na kulipaka rangi nyekundu, maana mabaki kidogo tu yanakunja nyanya shamba zima. Jirani akija kuazima, kwanza namuuliza: unakwenda kupulizia nini?