Kabla ya Kupaua: Safari ya Uyole Hadi Matema

Anayejenga katika Nyanda za Juu Kusini anajua kwamba kiangazi hakichezewi. Mvua zikishakatika mwezi wa Mei, tofali hufyatuliwa, matanuri huwashwa, na mafundi huanza kudai malipo ya awali kwa kuwa kila mtu anawataka kwa wakati mmoja, hadi mawingu ya Novemba yatakapoanza kukusanyika tena juu ya Mlima Mbeya. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipowaambia majirani wa Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, kwamba tunafunga saiti na kwenda ziwani kwa likizo ya Juni, shule zikiwa zimefungwa nami nikiwa huru na madaftari ya wanafunzi, walitutazama kwa huruma ya watu wanaodhani tumeishiwa. Hawakuwa mbali na ukweli. Fedha ya kupaulia ilikuwa haijatimia, lakini hata ingetimia tusingejua pa kuipeleka, kwa sababu tulikuwa hatujakubaliana nyumba yetu itavaa paa gani.

Nyumba ilikuwa imefika linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Tuliimwaga kuzunguka kuta zote bila kukatisha, nondo nne ndani yake, na katika hilo hatukubishana hata kidogo, kwani Mbeya imekaa pale ambapo matawi ya Bonde la Ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa hukutana, na tetemeko dogo linalogonganisha vikombe kabatini si habari ya kushangaza kwetu. Zege hukomaa polepole. Mafundi na wahandisi huhesabu siku 28 hadi lipate nguvu iliyokusudiwa, na siku za mwanzo linataka kunyweshwa maji ili lisikauke haraka likapata nyufa, hasa katika upepo mkavu wa Juni ambao hukausha hata midomo ya watu. Tulimwachia kijana wa jirani ndoo, mpira wa maji na fedha ya vocha, tukafunga mlango wa mabanzi, tukaondoka.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Mume wangu alitaka paa la kuficha, lile ambalo kuta hupandishwa juu ya bati ili mtu aliye barabarani aone ukuta mtupu ulionyooka, na maji hukusanywa na mfereji uliofichwa ndani. Ndilo paa la mtindo sasa. Kila mwenye simu ameona picha zake. Mimi nilitaka paa la kawaida lenye mteremko mkali, bati likitokeza nje ya ukuta kwa kiasi cha mtu kusimama chini yake bila kulowa, pamoja na baraza mbele. Yeye aliniambia nataka nyumba ya mwalimu mkuu wa mwaka 1970. Nami nikamjibu kwamba nyumba za walimu wakuu wa mwaka 1970 bado zimesimama.

Tulipanda kosta pale Uyole asubuhi ya baridi ambayo mtu huongea huku mvuke ukimtoka kinywani. Kabla gari halijajaa, mume wangu alitoa sharti. "Mama, safari hii hakuna hesabu za mbao wala bati. Tunakwenda kupumzika." Nilikubali. Barabara ya Tukuyu huanza kupanda mara tu unapoiacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ikipita katika mashamba ya viazi hadi Isongole, ambako upande wa kulia msitu unaficha kreta yenye Ziwa Ngozi na upande wa kushoto unainuka Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita zipatazo 2,960, ambao siku hiyo ulionekana kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Wanawake wenye mablanketi mabegani walikuja dirishani na ndoo za viazi. Hatukuwa tumefika hata mwisho wa mji huo mdogo, na yule aliyetoa sharti alikuwa amegeuza shingo akihesabu migongo ya bati kwenye nyumba mpya iliyokuwa kando ya barabara. "Geji thelathini hiyo," akasema. "Itapiga kelele mvua ikinyesha." Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, jambo linalowachanganya wengi wanaodhani namba kubwa ni bati zito, na wenye maduka wasio waaminifu hawana haraka ya kuwasahihisha.

Kuanzia hapo sharti likafa, na nadhani ndipo likizo ilipoanza kweli.

Baada ya Isongole ardhi inabadilika. Viazi vinawaachia migomba nafasi, na migomba nayo inaiachia chai, na udongo uliotokana na volkano za zamani unakuwa mweusi na laini kiasi kwamba mtu wa Iringa kama mimi anaona wivu. Nilikulia karibu na Kalenga, mahali ambapo Wahehe walijenga ngome ya mawe iliyoangushwa na mizinga ya Wajerumani mwezi wa Oktoba 1894, na kwetu mvua ni mgeni wa miezi michache anayesubiriwa kwa heshima. Rungwe ni nchi nyingine kabisa. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa kiasi kikubwa kabisa katika Tanzania nzima, kwa sababu upepo wenye unyevu unaopanda kutoka Ziwa Nyasa hugonga milima hii, ukapoa na kuachia maji yake papo hapo. Wenyeji wanasema kiangazi chao ni mvua nyepesi. Ilikuwa Juni, na ilikuwa inanyesha.

Tuliteremka njiani ili kufika Rungwe, kwenye misheni iliyoanzishwa na Wamoraviani mwaka 1891. Nilikuwa nimewahi kupita hapo nikiwa na wanafunzi, lakini safari hii sikutazama historia. Nilitazama namna majengo yake ya zamani yalivyokabiliana na maji. Mapaa yana mteremko ambao mvua haipati nafasi ya kufikiri. Bati linatokeza mbele sana, kuta zimekaa kivulini, na pale chini maji yanapoangukia pamewekwa mawe ili matone yasirushe tope ukutani. Mume wangu alipiga hatua kupima upana wa baraza, akarudia kwa mara ya pili, kisha akainama akapitisha kiganja sehemu ya chini ya ukuta, pale ambapo katika nyumba nyingi za kwetu lipu hubabuka kwa unyevu. Alikitazama kiganja, akakipangusa kwenye suruali bila kusema neno. Nami sikumuuliza.

Usiku tulilala Tukuyu mjini, katika nyumba ya wageni mpya ambayo sitaitaja jina, yenye paa la kuficha. Kwa nje ilikuwa nadhifu, ila kutoka ukingo wa juu wa kuta michirizi myeusi na ya kijani ilikuwa imeshuka hadi madirishani, kwani ukuta usiofunikwa na bati hunywa mvua kuanzia kichwani. Ndani, kona ya dari juu ya kabati ilikuwa na duara la rangi ya chai. Kijana wa mapokezi alitueleza kwa upole, akituita "wazazi wangu", kwamba majani huingia kwenye mfereji wa ndani, maji yakakosa njia, yakarudi nyuma chini ya bati, na kwamba fundi huja kila mara kuzibua. Akatuletea beseni. Tulilala vizuri tu. Kitanda kilikuwa mbali na kona. Lakini sauti ya tone kwenye beseni ilisikika hadi alfajiri, nami ninakiri kwamba sikuwahi kuifurahia sauti ya namna hiyo kabla ya usiku ule.

Asubuhi tulikwenda kumsalimu shangazi yake mume wangu, anayeishi nje kidogo ya mji. "Ugonile, mkwe," alinipokea, nami nikaitika kwa Kinyakyusa changu cha kuungaunga ambacho humchekesha kila mara. Tulipokuwa tunakula ndizi kwa maharage, mazungumzo yalirudi kwenye ujenzi, na mama huyo akatukumbusha namna babu zake walivyokuwa wakijenga. Kijana wa Kinyakyusa wa zamani hakungoja kuoa ndipo ajenge. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake, akaungana na wenzake wa rika lake, wakajijengea vibanda vyao pembezoni, na kijiji hicho cha rika kikakua pamoja nao hadi wakawa wazee. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliuandika utaratibu huo, na ndiyo maana unajulikana hata nje ya Afrika. Nyumba zao zilikuwa za mianzi, nyepesi na safi, zenye paa la nyasi lililoshuka chini sana. "Mianzi huoza," alisema shangazi, "lakini ulikuwa unaijua siku yake. Ninyi mnajenga kwa saruji halafu mnaliletea paa mzaha." Nilikuwa sijamweleza chochote. Ninaapa.

Kutoka Tukuyu barabara hushuka bila kusimama. Masikio huziba, sweta huvuliwa, na ghafla uko Kyela katika joto, kwa kuwa Ziwa Nyasa liko chini kabisa, takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Hapa ni nchi ya mpunga na kakao. Mbele ya nyumba punje za kakao zilianikwa juani, na pembeni mwa mashamba kulikuwa na matanuri ya tofali yaliyokuwa yanafuka moshi mwembamba. Dereva wa gari la Noah tulilokodi kuelekea Ipinda alikubali kusimama mbele ya moja. Wachomaji walikuwa wanatumia pumba za mpunga badala ya kuni, wakizijaza katikati na kuziacha zife kwa moto wa taratibu wa siku nyingi. Kwetu Uyole tulinunua kuni kwa fedha iliyotuuma, na tofali za pembeni mwa tanuri hazikuiva, ikatubidi kuzitumia kwenye kuta za ndani. Mmoja wa vijana wale alichukua tofali mbili, akazigonganisha karibu na sikio langu. Zikatoa mlio mkavu wa chuma. "Hizi zimeiva, mama. Isiyoiva inanyamaza."

Tulifika Matema jioni, siku ya Ijumaa, tukipanga hivyo kwa ajili ya soko la vyungu linalofanyika Lyulilo, jirani na Matema, kila Jumamosi. Kuhusu ufukwe wenyewe nitasema machache, kwa sababu wengine wameusifu vya kutosha: mchanga ni safi, Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja majini, na samaki aina ya mbasa wa kuchoma pamoja na wali wa mchele wa Kyela ni chakula ambacho mtu anayejenga, aliyeishi kwa ugali na dagaa tangu msingi uchimbwe, anaweza kukilia machozi. Mume wangu aliogelea. Mimi nilikaa kwenye kivuli nikasahihisha makadirio ya mbao nyuma ya bahasha.

Vyungu huletwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Ikombe, ambako wanawake wa Kikisi huvifinyanga kwa mkono bila gurudumu na kuvichoma motoni nje, bila tanuri. Huja mapema, kwa sababu katika miezi hii ya baridi upepo wa kusini huweza kulichafua ziwa kadiri siku inavyosonga mbele. Nilimwona mnunuzi mmoja, mama mtu mzima aliyekuja kuchukua vyungu vya kuuza Kyela, akiinua kila chungu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akikipiga kwa fundo la kidole cha kati na kusikiliza, kisha akikizungusha na kukipiga tena upande wa pili. Vilivyolia aliviweka kulia. Kimoja kilitoa sauti ya kuziba. Akakirudisha bila maelezo, na mfinyanzi hakubisha, akakitia pembeni kwenye nyasi. Nilinunua viwili kwa kufuata masikio ya mama huyo, nikiwa na hakika kwamba macho yangu yasingeongeza kitu.

Hapo sokoni ndipo mume wangu alipompigia fundi wetu simu. Alisogea kando kidogo, lakini kwa kuwa mtandao ulikuwa hafifu ilimlazimu kupaza sauti, na soko zima likasikia kwamba kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zipandishwe, bati liwe geji 28 litokeze nje futi tatu kwenye baraza, na kozi, yaani safu za tofali, za kuficha bati zisahaulike. Fundi naye, ambaye alikuwa ameshauri hivyo tangu wakati wa msingi, alijibu kwamba mteremko mkali unakula mbao zaidi, na kwamba bei ya mbao za Mafinga hupanda kila kiangazi watu wengi wanapopaua, hivyo ni heri tuagize mapema.

"Umesikia?" mume wangu aliniuliza aliporudi.

"Ni nani hakusikia?"

Tulipiga hesabu tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ilionekana kwamba tukiacha chumba cha nne kikae bila lipu hadi mwakani, na mlango wa mbele tukautengeneza kwa mbao za kawaida badala ya mninga, paa linawezekana kabla ya Novemba, bila gata za kukinga maji kwa sasa. Alitaka tuache baraza. Nilikataa. Akashusha futi tatu ziwe mbili na nusu, tukakubaliana hapo, na siku ya kurudi tulishuka Kiwira kumnunulia fundi mkungu wa ndizi aliokuwa ameuagiza, ambao konda wa kosta alitutoza nauli yake kama abiria.