Msisingizie Meno

Mtoto akianza kuendesha, yaani kuhara, huku kwetu mtaani Mukuru, Nairobi, jibu utakalopewa ni lilelile: anaota meno. Nalisikia kwa majirani, kwa mashangazi, hata kwa wauzaji wa dawa. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na jibu hilo linaniuma, maana linawafanya kina mama wakae wakisubiri jino huku mtoto anakauka.

Meno hayamletei mtoto kuhara. Ila yanaanza kutoka miezi ileile ambayo mtoto anaanza kutambaa, kuokota kila kitu na kukitia mdomoni, na ndipo anapoanzishiwa uji na maji. Vijidudu vinapata mlango. Virusi vya rota ndivyo vinavyowaangusha sana wadogo, na chanjo yake ya matone imo kwenye ratiba ya Kenya tangu 2014. Angalia kitabu cha kliniki kama aliipata, maana hupewa akiwa bado mchanga sana.

Halafu kuna maji yetu. Mabomba ya plastiki yamelazwa kwenye mitaro ileile ya maji taka. Maji yakikatwa, bomba linabaki bila nguvu ya kusukuma nje, na palipopasuka uchafu unajipenyeza ndani. Siku yanaporudi, kila mtu anakimbilia kujaza mitungi, na hayo ya mwanzo ndiyo mabaya zaidi. Mvua ya Machi hadi Mei ikifurisha vyoo, hali inazidi. Hata yakionekana meupe kabisa, yachemshe au uyatie dawa.

Juzi mama mmoja aliniita mlangoni. "Dada, tangu jana anaendesha maji matupu. Nimemnyima kunywa ili ikatike." Mtoto alikuwa analia bila machozi, macho yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo taratibu na kuiachilia. Ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Hapo nikajua maji yamepungua mwilini. Nikamwambia, "Mama, kinachoua ni kukauka. Mpe anywe." Tulikoroga ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, akaanza kumlisha kijiko kijiko, na mtoto alikishika kijiko kwa mikono miwili kwa ile kiu.

ORS haikatizi kuhara papo hapo, na ndiyo maana wengi wanaidharau. Kazi yake ni nyingine. Utumbo hata ukiugua bado unafyonza chumvi ikiandamana na sukari, na maji yanafuata. Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Akitapika, ngoja kama dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Usimwachishe titi wala chakula. Zinki anywe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: kidonge cha miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita.

Flagyl, ile dawa ya antibiotiki, ya kununua bila kupimwa haimsaidii mwenye kuhara kwa virusi, na dawa za kufunga tumbo za watu wazima ni hatari kwa mtoto. Naomba sana wenye maduka ya dawa waache kuwauzia kina mama dawa hizo.

Haja ya majimaji mara tatu au zaidi kwa siku ndiyo tunayoiita kuhara, ingawa mtoto wa titi kuwa na choo laini mara nyingi ni kawaida yake. Ukiona damu, au choo kama maji yaliyooshea mchele, au mtoto amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila anachopewa, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Kuhara kukifika siku 14, vilevile mpeleke. Na kama bado anaweza kumeza, beba chupa ya ORS na kijiko, uendelee kumpa hata mkiwa ndani ya matatu.