Mkanda wa redio kaseti ulivyofufua flopi ya mjomba

Mjomba wangu anakaa Mikindani, na kwenye kabati lake la vyombo kulikuwa na kompyuta. Ilikaa humo miaka yote hiyo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake sinia. Ni Amstrad CPC 6128, toleo la 1985: kibodi, kompyuta na draivu ya flopi, yaani kisomeo cha zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili, vyote kwenye ganda moja, na monita ya kijani pembeni. Aliachiwa na mwalimu wa hesabu kutoka Uingereza waliyekuwa wakifundisha pamoja.

"Mpwa wangu," akaniambia, "wewe si fundi simu? Humu ndani mna hesabu ya mikorosho yangu ya Nanguruwe. Nitolee."

Ugomvi wenyewe ulikuwa kati yake na mama yangu, ambaye ni mdogo wake. Shamba linagawanywa na kila mmoja ana idadi yake ya miti. Mjomba anasema alihesabu mwaka 1990, safu kwa safu, akaandika kwenye flopi. Flopi anayo, iko kwenye bahasha.

Nikaibeba mashine mpaka kibandani kwangu Mtwara mjini. Ilipowaka nilishtuka, sikuitegemea. Ikaandika jina lake, BASIC 1.1 (lugha yake ya kuandikia programu), halafu Ready. Nikaingiza flopi, nikaandika CAT ili inipe orodha ya mafaili. Jibu: "Drive A: disc missing", na chini yake swali, Retry, Ignore or Cancel?

Hapo ndipo nilipopoteza jioni mbili. Niliuamini ujumbe kama ulivyo. Imesema diski haipo, nami nikawa natoa na kuingiza, natoa na kuingiza, nikapuliza vumbi, nikatafuta swichi inayohisi diski. Kumbe ile mashine haina macho. Inachojua ni kwamba draivu haijatoa ishara kuwa iko tayari, basi, na sababu ya hilo inaweza kuwa chochote.

Siku ya tatu nikaanza upya kifundi. Kwanza umeme. Mashine hii inalishwa na monita kwa waya mbili: volti 5 za kompyuta na volti 12 za mota ya draivu. Waya ya pili ikilegea, kompyuta itawaka vizuri kabisa na flopi itabaki imekufa. Nikapima: 4.9 na 11.9. Umeme mzima.

Kisha nikatumia amri ambayo ningeijua mapema ningelala usingizi wangu: OUT &FA7E,1. Inawasha mota ya draivu na kuiacha ikizunguka mpaka uandike OUT &FA7E,0. Nikazima feni, nikaweka sikio. Mota ilikuwa inalia kasauti kembamba, kama mbu. Lakini ule mkwaruzo wa diski inayozunguka ndani ya ganda lake haukuwepo. Mota inazunguka, diski imekaa.

Nikafungua. Skrubu za chini, kibodi ikainuka, nikachomoa tepe zake za nyaya taratibu kwa sababu plastiki ya zamani hukatika kama biskuti. Draivu nikaitoa, nikaondoa bodi ndogo iliyo chini yake. Pale palipotakiwa kuwa na mkanda wa mpira, unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu linalozungusha diski, palikuwa na lami. Mpira ulikuwa umeyeyuka, umeshika gurudumu kama ulimbo. Nilisafisha kwa spiriti na pamba za masikio zaidi ya nusu saa, na vidole vyangu vikabaki vyeusi kama vya mtu aliyebangua korosho bila majivu.

Ungeniuliza kwa nini nisitafute draivu nyingine. Flopi hii ni ya inchi 3, si ile ya inchi 3.5 ya Sony iliyoenea dunia nzima. Huwezi kuazima draivu kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini ukasoma diski ya aina hii. Na anayefikiria kupachika draivu ya inchi 3.5 mahali pake ajue kuwa kwenye plagi ya umeme nafasi za volti 5 na volti 12 zimebadilishana. Ukichomeka bila kuangalia, unachoma.

Mkanda wa kwanza nilikata kwenye tyubu ya baiskeli. Usicheke. Ulizunguka! Ujumbe nao ukabadilika, sasa ikasema "read fail". Nikaona tumesogea, maana angalau diski imeonekana. Lakini kusoma haikusoma, kwa sababu draivu hii inatakiwa izunguke mara 300 kwa dakika, bila kuyumba. Nikatia alama ya rangi nyeupe kwenye gurudumu, nikalirekodi kwa simu, ile video ya kupunguza mwendo, fremu 240 kwa sekunde. Kwa kasi sahihi mizunguko mitano hula fremu 240. Ya tyubu ilikula 230 safari moja, 262 safari nyingine. Mkono wangu haukukata sawa, sehemu nene na sehemu nyembamba.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio pale sokoni. Nilikuwa nimepitisha uzi mahali mkanda unapopita, nikapata sentimita 23 na ushee. Mkanda lazima uwe mfupi kidogo ili ubane, kwa hiyo nilitaka wa mzunguko wa sentimita 22 hivi, bapa kama utepe, si mnene kama kamba.

"Shikamoo mzee. Natafuta mkanda wa kaseti."

"Marahaba. Bado kuna watu wana kaseti?" Akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa mikanda, akaanza kuinyoosha mmoja mmoja kwenye kidole gumba, anaachia, anasikiliza unavyorudi. Uliorudi kwa uvivu aliutupa. Wa saba au wa nane akanipa. Hela hakutaka, alitaka nimtengenezee chaji ya simu.

Mizunguko mitano, fremu 241. Sikugusa kitu kingine.

Sasa flopi ya mjomba. Kwanza niliweka ya mchezo fulani iliyokuwa kwenye bahasha ileile, kwa sababu diski pekee yenye mali haijaribiwi kwenye draivu ambayo hujaithibitisha. Ikasoma. Ya mjomba nikaifungua kilango chake kwa ukucha, nikaizungusha katikati kwa kidole, nikaona madoa ya kijivu. Ukungu. Pwani hii na unyevu wake, ningeshangaa usingekuwepo. Ungeingia vile, ungeganda kwenye kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu huikwaruza diski ikafutika kabisa. Nikapangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kipande kwa kipande, pande zote mbili, nikaacha ikauke usiku kucha.

Kesho yake nikairudisha mashine Mikindani, mjomba akavuta kiti. CAT. "Read fail." Nikabonyeza R. Tena. Nikatoa diski, nikasafisha kichwa, nikarudia. Jaribio la nne draivu ikagonga mara mbili, ikatulia, na kwenye kijani kile pakatokea MIKOROSH.BAS. Herufi ya mwisho haikuingia, jina la faili halizidi herufi nane.

Alikuwa ameandika programu yake mwenyewe kwa BASIC, kila safu na mstari wake wa DATA. Nikapiga picha skrini kwanza, mstari baada ya mstari, kabla umeme haujabadili mawazo. Halafu nikamwachia yeye aandike RUN, amri ya kuendesha programu, kwa kidole kimoja.

JUMLA 214.

Mjomba aliangalia namba ile muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mpigie mamako," akasema. "Weka spika."